Daftari Nyuma ya Kaunta

Mwaka 2012 vijiji viwili vya Ukambani vilipata stima ya jua, kila kimoja kwa mkono wa chuo kikuu cha mbali. Kitonyoni, soko dogo upande wa Kathonzweni katika Kaunti ya Makueni, lilijengewa mtambo na Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza. Ikisaya, mashariki ya Kaunti ya Kitui, jirani na vilima vya Endau, ilipata kituo cha nishati kupitia mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Tangu hapo vijiji hivi vimeandikwa na wasomi kuliko mtaa niliozaliwa mimi Mombasa. Nilitaka kuvifikia kwa sababu nimewahi kulipwa kwa kazi ya kuuliza watu maswali. Nilikuwa karani wa utafiti Kilifi na Kwale, na swali la "maisha yako yamebadilika vipi tangu mradi uje?" nimelisoma kwa sauti katika nyua nyingi mno. Majibu yake nayajua. Watu wakarimu hukupa jibu wanaloona limekutoa kwako, kisha wanakuletea maji ya kunywa.

Kutoka Kitui mjini nilipanda Probox ya kwenda Zombe. Gari hilo huondoka likijaa, na huko kujaa hakuhusiani na idadi ya viti. Nilibanwa kati ya mama mwenye kiondo cha maembe na kijana aliyepakata boksi la paneli ya sola. Nilimwuliza kijana bei, akasema bei haijui, anajua malipo: hamsini kwa siku, kwa simu, hadi deni liishe. Nikamwuliza sola imebadilisha nini nyumbani.

"Hii bado haijabadilisha kitu, iko kwa boksi," akanijibu, na gari zima likaangua kicheko.

Sola ya kulipa mdogo mdogo ilianza kuuzwa Kenya mwaka uleule wa 2012, kampuni ya M-KOPA ikiwa mstari wa mbele. Sensa ya 2019 ilipouliza watu wanamulika nyumba kwa nini, karibu kaya moja kati ya tano nchini ilisema sola. Kwa hiyo hata kama Oslo na Southampton wasingekanyaga Ukambani, mwanga ungefika kwa namna fulani, ndani ya boksi, juu ya mapaja ya kijana kama huyu. Anayetaka kupima kazi ya mradi wa kijiji lazima kwanza amwondoe kijana huyu kwenye hesabu, na si rahisi kumwondoa.

Mbele ya Zombe ni vumbi jekundu, migunga, mbuyu mmoja hapa na mwingine kule. Tulipishana na kundi la ngamia waliotoka upande wa Tana River, na dereva akapunguza mwendo bila kupiga honi. Ngamia huku ni jambo la siasa, mtu hawapigii honi ovyo. Endau nilikutana na mwalimu kijana aliyekubali kunitafsiria, kwa kuwa Kikamba changu kinaishia kwenye salamu. Alinipeleka kwa bibi mmoja aliyekuwa akichambua ndengu kivulini. Mwalimu alimwita susu, nami nikamwita hivyohivyo. Nilikuwa sijafungua kitabu changu aliponiuliza: "Umekuja kuhesabu nini?"

Swali hilo lina historia katika nchi ya Wakamba. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wameizidi ardhi. Mifugo ikahesabiwa, wenyewe wakapangiwa kiwango, na waliozidi wakachukuliwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu akaongoza umati wa watu, wanaume kwa wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma na zoezi likaachwa. Sidhani susu alikuwa akimfikiria Mbingu. Hata hivyo, mahali ambapo kuhesabiwa kuliwahi kumwondolea mtu ng'ombe zizini, karani mwenye kalamu hapokewi kama mgeni wa kawaida. Nilimwambia sihesabu kitu, ninaandika tu. "Ni kitu kimoja," akasema, akaendelea na ndengu zake.

Watafiti wa Ikisaya, na hili nawasifu kwalo, hawakuja na nguzo kichwani. Walikuwa Wanorwe, Wakenya, Wahindi na Waustria, wahandisi wakichanganyika na wataalamu wa jamii, na kabla ya Kitui walikuwa wamekwenda Sundarban, visiwa vya India ambako vijiji vilikuwa vikitumia gridi ndogo za sola. Wangeweza kuinakili India. Badala yake walikaa kwanza wakatazama watu wanavyoishi. Nyumba za huku zimetawanyika, boma moja hadi jingine ni mwendo, na mfuko wa mtu hufuata mvua. Kuvuta waya hadi kila mlango kungekula pesa zote. Ndipo wakajenga kituo kimoja cha takriban kilowati mbili chini ya chama cha wanakijiji wenyewe: taa za kuchajiwa zikakodishwa, simu zikachajiwa, nywele zikanyolewa kwa mashine, karatasi zikachapwa na kutolewa nakala, na runinga ikawashwa. Mawakala wakapeleka taa hadi vijiji vya jirani. Stima haikumfuata mtu nyumbani. Mtu aliichukua jioni akairudisha ilipoisha.

Sasa jaribu kuiweka hiyo kwenye fomu. Fomu nyingi huuliza kaya ngapi zimeunganishwa. Kwa Ikisaya jibu ni sufuri, maana kukodi taa si kuunganishwa. Benki ya Dunia ilitengeneza ngazi ya vipimo mwaka 2015, kutoka daraja 0 hadi 5, na mwenye taa moja na simu iliyochajiwa anakaa kwenye kidato cha chini kabisa, akipanda ni kwa nusu hatua. Serikali nayo ilianzisha mradi mkubwa wa sola nje ya gridi, KOSAP, wa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na Kitui na Makueni hazimo. Kwa hesabu za Nairobi, huku si mbali vya kutosha. Unaweza basi kusimama Ikisaya, ukaona watu wakitembea na mwanga mkononi, na usiweze kuwaweka kwenye jedwali lolote.

Nilimkumbuka Tanja Winther, mmoja wa watafiti wa timu hiyo. Kabla ya Ikisaya alikuwa amekaa Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, akitazama stima ilivyoingia kijijini, na kitabu chake kuhusu hayo kilitoka 2008. Uroa waya ulifuata nyumba, na nyumba kwa kawaida ni ya mwanamume. Mwenye nyumba ndiye mwenye kuunganishwa, ndiye mwenye mita, na ndiye aamuaye taa ya chumba kipi iwashwe kwanza. Jikoni kuni ziliendelea kuwaka. Hilo la kuni ni kweli pia kwa Ukambani: hakuna sola ya kijiji itakayochemsha muthokoi na maharagwe hadi yaive. Lakini taa ya kukodi haiulizi hati ya nyumba. Mama mwenye sarafu chache anaikodi kwa jina lake, anaiweka anapotaka, hata jikoni. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko idadi ya wati, nami sijawahi kulibeba kwenye fomu yoyote niliyopewa.

Nikiwa njiani kurudi Zombe, pikipiki ilisimama kwenye njia panda yenye maduka matatu ili mwendeshaji anywe soda. Katika duka la katikati kulikuwa na ubao wenye soketi na simu zimepangwa, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa na daftari la shule nyuma ya kaunta. Nilimwomba nilione. Alinitazama kwanza, kisha akamtazama mwendeshaji wa boda, naye akaitikia kwa kichwa, ndipo akalisukuma mbele.

Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nikikitafuta. Safu nne kwa kalamu ya buluu: jina, aina ya simu, pesa, deni. Alikuwa na madaftari ya nyuma pia, yamefungwa kwa kamba, na aliyafungua kwa kidole bila kusoma tarehe. "Hapa mvua ilikataa," akasema. Ilikuwa misimu ile mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Safu ya deni ilikuwa nzito ukurasa hadi ukurasa. Majina ya wazee yalitoweka kabisa kwa muda, kisha yakarudi yakiwa na deni. Majina ya akina mama hayakutoweka. Nilimwuliza kwa nini, akashangaa sijui: simu ya mama ndiyo inayopokea pesa ya mtoto aliyeko Nairobi au Mombasa. Mwaka wa njaa simu ya mama haizimwi, hata chumvi ikikosekana.

"Huyu," akaweka kidole kwenye jina moja, "alikuwa analeta simu mbili. Sasa analeta moja. Mume amerudi." Akageuza ukurasa. "Huyu alinunua sola yake, akaacha kuja. Halafu akarudi. Sola ilifungwa, alishindwa kulipa." Kwenye pembe ya ukurasa mwingine kulikuwa na hesabu ya kuku: mtu alilipa deni la miezi kwa jogoo.

Nimesoma ripoti za tathmini zenye kurasa mia na ushei zisizokuwa na robo ya yale yaliyokuwa katika daftari lile. Mama yule hakuulizi maisha yako yamebadilika vipi. Anajua ulikuja lini, uliacha lini, na ulirudi kwa sababu gani. Kila kituo cha nishati cha kijiji huwa na daftari la namna hii, kwa kuwa bila hilo pesa hupotea. Bado mtafiti anakuja na karatasi yake mpya, anaanza na jina lako na umri wako, kana kwamba kijiji kilikuwa hakijawahi kuandika chochote.

Nilirudi Kitui, nikashuka kusini kwa lami ya Mutomo, Ikutha hadi Kibwezi. Barabara ni nzuri siku hizi, dereva anafunga vioo na kuweka muziki. Baada ya Ikutha unaikwea Yatta, ule ukuta mrefu wa mawe ya volkeno, kisha unavuka Mto Athi na kuingia Makueni. Njia nzima nilikuwa nikitazama nguzo. Mto Tana hupita mpakani mwa Kitui, na mabwawa ya Seven Forks yaliyojengwa juu yake, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yameimulika Nairobi miaka mingi huku jirani zake wakisomea koroboi. Mtu wa Kitui ukimwuliza kuhusu stima, usishangae akikujibu kwa kejeli.

Kitonyoni ni mradi wa sura nyingine. Hapa Profesa AbuBakr Bahaj na wenzake wa Southampton walilenga soko. Paneli za kilowati 13.5 zimeezekwa kama paa, na paa hilo hukinga maji ya mvua yakahifadhiwa na kuuzwa. Chini yake ni betri, na kutoka hapo waya unakwenda madukani, shuleni, kanisani na kwenye kituo cha afya. Walengwa walikuwa kama watu 3,000 wanaolizunguka soko. Ushirika wa wenyeji ndio unaouza stima, unatoza ada za uanachama na huduma za kompyuta, na bei yake ilipangwa ili mtambo ujilipie uendeshaji na kubakiza akiba.

Miaka michache baadaye watafiti waliripoti mambo ya kufurahisha: bei ya ardhi kwenye soko ilizidi maradufu, majengo mapya kumi au zaidi yakainuka, baadhi ya wafanyabiashara mapato yao yakawa mara mbili, na wodi ya kujifungulia ikajengwa kwenye kituo cha afya. Sina sababu ya kutilia shaka hata moja. Ninachouliza ni nani alisababisha nini. Mtambo uliwashwa Septemba 2012. Machi 2013 Kenya ikapiga kura na kaunti zikazaliwa, Makueni ikapata bajeti yake, na pesa ambazo zamani zilikuwa zikiishia Nairobi zikaanza kujenga zahanati na kuchimba visima huku. Juni 2013 serikali ikaondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka 2015 ada ya kuunganishiwa stima ya kampuni ya taifa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Septemba 2018 ukawekwa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na koroboi nyingi zikazimika kwa sababu ya bei tu. Mama aliyejifungua Kitonyoni chini ya balbu mwaka 2014 aliletwa pale na balbu, na ada iliyofutwa, na gavana mpya, na pengine na jirani aliyemwambia kuna muuguzi anayelala palepale. Ripoti ya mfadhili itamwandika mara moja tu, chini ya jina la mfadhili.

Njia ya wachumi ya kuepuka mkanganyiko huo ni kupiga kura ya bahati. Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walifanya hivyo Busia na Siaya katika jamii 150: nyumba za baadhi zikaunganishiwa stima ya gridi, za wengine zikaachwa, kisha wakalinganisha. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalikuwa baridi. Zaidi ya miaka miwili na nusu baadaye, nyumba zilizopata stima hazikuwa zimetofautiana na nyingine kwa kipato, afya wala masomo kiasi cha maana. Wapo wanaoutumia utafiti huo kusema stima ya vijijini ni pesa za kutupa. Mimi nauona ukisema jambo jembamba zaidi. Ulipima waya uliofika kwenye nyumba ya maskini asiye na pesa ya kununua kitu cha kuchomeka. Kitonyoni waya ulifika kwa mwenye friji ya soda, kwa kinyozi, kwa fundi wa kuchomelea na kwa muuguzi, na wa nyumbani ananufaika kwa kwenda kwao. Ni maswali mawili tofauti.

Kuna pia yasiyoulizwa kabisa. Bei ya ardhi ikizidi maradufu, mwenye ploti anashangilia, lakini je, aliyepanga chumba kwenye ploti hiyo? Kwenye ripoti mtu huyo ni sehemu ya mafanikio. Mfukoni mwake ni jambo jingine.

Na tusisahau muda. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992, na Machakos ndiyo iliyowapa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kitabu chao cha 1994. Walifuatilia ardhi ile kutoka 1930 hadi 1990. Waliweka picha za vilima vilivyochunwa na mmomonyoko za mwaka 1937 kando ya picha za mahali palepale za 1991, na vilima vikaonekana vimevaa matuta na miti, ilhali watu walikuwa wameongezeka mara tano. Wakoloni walikuwa wameitabiria nchi hii jangwa. Matuta mengi yalichimbwa na mwethya, vile vikundi vya kusaidiana kazi ambavyo hadi leo vinajenga mabwawa ya mchanga. Aliyepima mwaka 1940 angeandika kushindwa. Miradi ya sola hupimwa mwaka wa pili au wa tatu, betri zikiwa bado changa na mfadhili akiwa bado anapokea simu.

Betri ndiyo inanisumbua. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi. Betri za risasi za mitambo ya namna hii huchoka baada ya miaka michache, na kununua seti mpya si pesa ya harambee ya Jumapili. Mwaka huo ndio kijiji hujulikana kama kina mradi au kilikuwa nao, na karibu hakuna anayelipwa kuja kupima mwaka huo.

Katika mji wa Wote, Makueni, nilikunywa chai na mweka hazina wa chama cha akina mama, mwanamke mcheshi aliyenyoosha mambo kwa haraka. Nilimweleza ninachoandika, nikamwuliza yeye angeuliza nini akitumwa kukagua mradi wa sola kijijini.

"Ningeuliza pesa ya betri iko wapi," akasema. "Halafu ningeuliza ni nani anajua PIN."

"Basi?"

"Na bei walipanga kwa mkutano gani, na nani alitoka kabla haijaisha. Mtu akitoka kwa mkutano wa bei, huyo ndiye unamtafuta. Hao walibaki watakwambia iko sawa."

Nikamwambia maswali yake ni makali kuliko yangu yote ya miaka ya karani. Hakuonekana kushangaa. Alitaka kujua majibu hupelekwa wapi. Nikamtajia: kwa mfadhili, chuo kikuu, jarida. Akatikisa kichwa. Makueni, akanikumbusha, tangu enzi za gavana Kivutha Kibwana watu hukaa vijijini na kujadili bajeti ya kaunti wenyewe, kijiji kwa kijiji hadi wadi. Mkutano upo, viti vipo, na watu wamezoea kuulizana pesa imeenda wapi. Kama mtu amewahesabu, asome hesabu yake pale, na wao wamkosoe. Kisha akanipa tarehe ya mkutano unaofuata, akaniambia nije na nakala, iwe kwa Kikamba, na isizidi kurasa mbili, kwa sababu wengi watakuwa wamesimama juani.